Mchana pepo, usiku kengele haijibiwi: uzoefu wangu na makazi ya kifahari ya wazee

Kama unatafuta makazi ya kumpeleka mzazi, achana kwanza na bwawa la kuogelea, maktaba na ile piano ya mapokezi. Uliza jambo moja tu: saa nane usiku mzee akianguka msalani, nani anakuja, na anafika baada ya muda gani? Anapoishi mama yangu swali hilo lina majibu mawili. Lipo la kwenye kijitabu chao cha kung'aa, na lipo la sakafuni.

Mama alianguka usiku, miezi michache iliyopita, kati ya kitanda na choo. Kwa mzee hakuna njia ya hatari kuliko hiyo: usingizi bado uko machoni, presha inashuka mtu anaposimama ghafla, taa imezimwa, na haja haisubiri. Alibonyeza kengele ya shingoni, kitufe anachovaa cha kumwita mhudumu. Akabonyeza tena na tena. Aliyemkuta alikuwa mhudumu wa zamu ya asubuhi aliyepita kugawa dawa.

Nilipokwenda ofisini, meneja hakusimama wala hakuniuliza hali ya mama. Aligeuza kompyuta upande wangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kusema, "Dada, mfumo unaonyesha mwito wa mama ulipokelewa ndani ya dakika mbili. Mzee akiwa sakafuni muda huuona mrefu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Kuanguka kunatokea hata penye uangalizi mzuri. Mifupa ya uzee na dawa za presha havina adabu. Lakini kumwambia mtoto wa mtu kwamba mama yake hajui alilala chini muda gani, wakati ushahidi uko kwenye skrini ileile uliyoigeuza, huo ni ufedhuli. Na mstari ule haukuwa unasema alichokuwa akikisema.

Mifumo hii ya kengele huandika nyakati tatu. Wa kwanza ni pale mzee anapobonyeza. Wa pili ni pale mhudumu anapogusa simu yake ya zamu kukubali kwamba ameuona mwito. Wa tatu ni pale kengele inapozimwa. Mfumo ukiwekwa inavyotakiwa, kuzima kunafanyika chumbani kwa mzee tu, kwa kitufe kilicho ukutani au kwa ufunguo wa sumaku anaobeba mhudumu, ili asiyefika asiweze kuzima. Makazi mengi huacha mlango wazi: kengele inazimika pia kutoka kwenye dawati la zamu. Basi mhudumu akiwa ghorofa nyingine, amemshika mzee mwingine bafuni, anagusa simu "nimepokea" ili iache kulia, na aliye dawatini anazima ili skrini iwe safi. Kwenye ripoti hiyo inaonekana huduma ya dakika mbili. Chumbani hakuna aliyeingia.

Ndiyo maana wakikupa takwimu, usikubali "muda wa kupokea". Omba muda wa kuzimwa chumbani. Wala usikubali wastani. Chukua miito 20 ya usiku mmoja: 19 imejibiwa kwa dakika 2, mmoja kwa dakika 60. Wastani wake ni chini ya dakika 5, na meneja ataukariri kwa fahari. Huyo mmoja wa dakika 60 ndiye mama yako. Omba miito mirefu kuliko yote ya mwezi uliopita, zamu ya usiku peke yake, na uulize kila mmoja ulichelewa kwa sababu gani. Mahali panapojiamini watakuonyesha, majina ya wazee yakiwa yamefichwa. Pasipojiamini watakuambia ni siri za wakazi.

Saa moja si muda mdogo kwa mwili wa mzee. Akikaa sakafuni kupita hapo, misuli iliyobanwa na uzito wake huanza kuvunjika na kumwaga protini kwenye damu, na protini hiyo huumiza figo. Ngozi ya nyonga na visigino inaanza kufa kwa kukosa damu, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kuchukua miezi kupona. Sakafu inanyonya joto. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda na kichwa kimegonga, anatakiwa kupelekwa kupigwa picha ya kichwa hata akisema yuko salama, maana damu inaweza kuvujia ndani polepole bila dalili. Hayo yote yanategemea mtu kufika.

Kilichonichoma zaidi nilikiona msalani kwa mama mchana wa siku ileile. Kamba ya kuvuta kuita msaada ilikuwa imezungushwa kwenye kishikio cha ukutani na kufungwa fundo, ncha yake nyekundu ikiwa usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama. Aliye chini haifikii hata akinyoosha mkono wote. Inavyotakiwa ni bangili mbili nyekundu kwenye kamba: moja ya aliyekaa chooni, kati ya sentimita 80 na 100 kutoka sakafuni, na nyingine ya aliyeanguka, sentimita 10 tu kutoka sakafuni. Nani aliifunga? Msafishaji, kwa sababu inalowa na kuchafuka anapopiga deki, tena wakati mwingine inavutika na kengele inalia bure. Simlaumu, hakuna aliyemwambia kamba ile ni ya nini. Nilipita kwenye vyoo vya ukumbi wa chakula na vya chumba cha mazoezi. Vilevile, mafundo. Marumaru kutoka nje ya nchi, mabomba ya rangi ya dhahabu, na kamba ya uhai imefungwa fundo.

Kengele ya shingoni nayo ina udhaifu wake, na yeyote anayeuza huduma hii anaujua. Inatuma mawimbi ya redio hadi kwenye kisanduku kilichofungwa darini mwa korido, kisanduku kinayapeleka kwenye kituo kikuu, kituo kinazipigia simu za zamu. Kila kiungo kinaweza kukatika. Betri ya kengele inaisha polepole, na masafa yake yanapungua kabla haijazimika kabisa, kwa hiyo inafanya kazi kitandani na kushindwa bafuni. Vigae, kioo kikubwa na shimo la lifti vinakula mawimbi. Umeme ukikatika, visanduku vya darini vinategemea betri zao za akiba, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zimekufa. Na zamu zinapobadilishana, simu huwekwa zote kwenye chaja pamoja, zikalilia dawatini huku wahudumu wako kwenye makabidhiano. Mifumo mingi mizuri hujipima yenyewe: kila kengele inatuma salamu kwa vipindi, na ikikosekana jina lake linatokea kwenye orodha ya vifaa vilivyopotea au vyenye betri dhaifu. Nilimuuliza aliye dawatini orodha hiyo inasomwa na nani. Aliniuliza, "Orodha gani, dada?"

Sasa niseme na mazuri, maana yapo, na nikiyaficha nitakuwa mwongo.

Mama anakula. Akiishi peke yake alikuwa anakunywa chai na mkate, basi. Mezani na wenzake sahani inarudi tupu, na uzito umerudi. Dawa zinagawiwa kwa saa zake, na mfamasia amepitia orodha nzima akaondoa ya usingizi iliyokuwa inampa kizunguzungu asubuhi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni mtu anayejua kazi yake. Anampima kwa kumwambia ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, huku saa inakimbia. Sekunde 12 au zaidi ni dalili kwamba mtu yuko kwenye hatari ya kuanguka. Anarudia kipimo hicho mara kwa mara na kuandika, si kama wale wanaowasimamisha wazee kwenye duara wapunge mikono kwa muziki na kuita hayo mazoezi. Wapo pia wahudumu wa mchana ambao nawaombea heri kila nikiwakumbuka. Yupo msichana mmoja anayempigia mama magoti kumvalisha viatu, akimwita "bibi", naye mama anamwita "mwanangu", na hakuna mkataba wowote unaoweza kuandika kitu hicho.

Kwa hiyo siwezi kusema ni mahali pabaya. Nilikuwa tayari kutoa nyota tatu.

Lakini hata anasa yenyewe ukiitazama kwa macho ya mzee, nusu yake imewekwa kwa ajili yetu sisi tunaotembezwa. Zulia nene la mapokezi linashika magurudumu ya kigari cha kutembelea. Mzee akikisukuma kinasita, yeye anaendelea mbele. Sofa za chini zilizojaa pamba zinawameza: anayetaka kuinuka anahitaji kiti kigumu, kirefu cha sentimita 45 au zaidi, chenye mikono ya kusukumia. Sakafu inayometa kama maji inamfanya mwenye macho hafifu adhani imelowa, au kwamba mbele kuna shimo, akasita katikati ya hatua. Taa za kuning'inia zinapendeza kwenye picha, ila jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha hadi ndani takriban theluthi moja ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20. La miaka 85 ni chini ya hapo. Mzee anahitaji taa kali isiyochoma macho, na taa ndogo ya usiku inayojiwasha yenyewe mguu ukigusa chini kando ya kitanda. Hiyo ya mwisho ni kitu cha bei ndogo kabisa, na chumbani kwa mama haikuwepo.

Na watu wa usiku? "Muuguzi saa 24" ni maneno ya kupimwa kwa makini. Wakati mwingine maana yake ni muuguzi anayeweza kupigiwa simu, amelala kwake. Aliye macho ndani ya jengo anaweza kuwa mhudumu mmoja kwa ghorofa zote na mwingine kwenye kitengo cha wenye ugonjwa wa kusahau, ambaye haruhusiwi kutoka kwa sababu mlango wake lazima uwe na mtu. Huyo mmoja akimshika mzee anayeoga au kubadilishwa shuka, kengele nyingine zote zinasubiri. Uliza hivi: usiku wa kuamkia Jumapili, ni wangapi wako macho, wangapi wamesimama kwenye ghorofa anayolala mama, na wangapi kati yao ni vibarua wa wakala wasiowajua wazee? Ukijibiwa "tunafuata viwango", hujajibiwa.

Liko na jambo ambalo hawalisemi wakati wa kutembeza wageni: makazi mengi ya namna hii yana sera ya kutomwinua aliyeanguka. Mhudumu anamfunika blanketi na kuita gari la wagonjwa, basi. Sababu zao nazielewa kiasi. Mgongo wa mhudumu unaharibika kwa kumnyanyua mtu mzima peke yake, na aliyevunjika nyonga akiinuliwa vibaya anaumizwa zaidi. Ila dawa yake ipo. Kuna viti vya kuinulia vya kujazwa hewa, vinawekwa chini ya mzee vikiwa bapa, vinafura polepole hadi anakaa, na mhudumu mmoja aliyefundishwa anaweza kuvitumia baada ya kuhakikisha hakuna mvunjiko wala maumivu ya shingo. Mahali penye chumba cha sinema hapakosi nafasi ya kuweka kiti hicho. Waulize kiko wapi, kisha waambie wakuonyeshe. Kikiwa kwenye stoo iliyofungwa na ufunguo anao mtu wa mchana, hakipo.

Nilikuwa nimekwisha kupoa mpaka ilipofika barua.

Baada ya kuanguka, walimfanyia mama tathmini mpya na kumpandisha ngazi ya uangalizi, na ada ya mwezi ikapanda nayo. Yaani kosa la kengele yao limegeuka kuwa mapato yao. Utaratibu wenyewe ni wa kawaida kwenye biashara hii: ada ya chumba ni kitu kimoja, uangalizi ni kingine, na uangalizi unapimwa kwa pointi. Msingi wa vipimo hivi ni wa zamani na ni mzuri. Kile cha daktari wa Marekani Sidney Katz na wenzake cha mwaka 1963 kinaangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda choo, kuhama kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Shida inaanza pale makazi yanapoongeza vipengele vyao: kukumbushwa chakula, kusindikizwa ukumbini, kuchunguliwa usiku. Mama alipewa pointi za "kuchunguliwa usiku". Niliomba karatasi ya saini za waliomchungulia. Haikuja, mpaka leo.

Msimamo wangu ni huu: usikubali pointi hata moja bila karatasi ya alama, jina la aliyepima, na maelezo ya kazi itakayofanywa kwa pointi hiyo, mara ngapi kwa siku, na itaandikwa wapi. Dai pia kipimo kabla ya kupandishwa ngazi: presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, tatizo linaweza kuwa dawa au kukosa maji mwilini, na hilo linatibiwa. Halilipiwi kila mwezi hadi kufa.

Mkataba usome ukiwa umekaa chini, na mwanasheria wako, si wao. Palipo na kiingilio kikubwa kinacholipwa mwanzoni, tazama kinavyoliwa. Kikipungua asilimia 2 kila mwezi, baada ya miezi 50 hakuna cha kurejeshewa. Penye "asilimia 90 inarudishwa", soma inarudishwa lini: mara nyingi ni baada ya chumba kupata mkazi mwingine, na hakuna anayewashurutisha wao kukiuza haraka. Tafuta ada zinaendelea siku ngapi mzee akilazwa hospitali, na siku ngapi baada ya kufariki. Angalia nani ana kauli ya mwisho ya kumhamishia kitengo kingine: daktari wake, familia, au wao peke yao. Tafuta kifungu kinachokunyima kwenda mahakamani na kukupeleka kwa msuluhishi. Kwingine unaruhusiwa kukikataa na bado ukapokelewa. Ongezeko la kila mwaka liwe na kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu. "Kulingana na gharama" hakina kikomo.

Ukienda kutembezwa, nenda mara ya pili bila kuaga, jioni baada ya chakula, wakati wazee wote wanataka kulala kwa mpigo na kengele zinalia kwa wingi. Omba ruhusa ubonyeze kengele mwenyewe, ukiwa bafuni mlango umefungwa, mahali ambapo mawimbi hufa. Tazama saa. Anayekuja tazama kama anapumua kwa kukimbia au kama ameambiwa kuna mgeni. Kisha kaa na mkazi mmoja mezani umuulize kama usiku wanakuja. Wazee hawafichi jambo hilo.

Je, nimwondoe mama? Kila nikiamua hivyo, namkuta yuko na wenzake wanabishana juu ya karata, na ananiambia, "Mwanangu, usinitoe hapa, wafundishe tu kazi." Kumhamisha mzee nako kuna hatari yake, mahali papya hajui swichi iko wapi, na wiki za mwanzo ni za kuanguka. Kwa hiyo kwa sasa anabaki. Nyota mbili, basi: zote za watu wa mchana. Ya usiku hakuna, na ya ofisi siwezi kuitoa hata nikijilazimisha.

Barua yao ya kupandisha ngazi inataka saini yangu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeirudisha bila saini, na ya kwangu juu yake: rekodi kamili ya usiku ule yenye nyakati zote tatu; kuzima kutoka dawatini kufungwe; kamba zote za vyoo zifunguliwe mafundo na wasafishaji waelezwe; betri za visanduku vya darini zipimwe na tarehe ibandikwe; taa ya kujiwasha kando ya kitanda cha mama; na jina la mtu anayesoma ile orodha ya vifaa vilivyopotea kila jioni kabla ya zamu kubadilishana. Meneja amenijibu kwamba "yanafanyiwa kazi". Kamba ya msalani kwa mama nimeifungua mwenyewe. Za vyoo vya ukumbini, mara ya mwisho nilipopita, zilikuwa bado na mafundo yake.